Uchungu Una Njia Yake: Historia ya Maumivu, Dawa na Imani Katika Nchi za Ziwa

Katika lugha yetu neno "uchungu" linabeba mambo matatu. Ni ladha ya mwarobaini mdomoni, ni maumivu ya mama anayejifungua, na ni huzuni ya moyo uliofiwa. Waliotuachia neno hili hawakuutenganisha mwili na moyo. Walijua kwamba mtu anapoumwa, anaumwa yeye mzima. Wataalamu wa mwili wamehitaji miaka mingi ya utafiti kufika mahali ambapo lugha yetu ilikuwa imeketi tangu zamani.

Katika insha hii tunafuata historia hiyo kwa sababu moja. Lipo swali ambalo washarika huuliza kwa sauti ya chini: je, mwamini anayeomba kupunguziwa maumivu amepungukiwa imani? Kwetu sisi wa Mirongo swali hili si la vitabuni. Kutoka ukingo wa mto wetu, kabla haujaingia ziwani, ukiinua macho unakiona kilima cha Bugando, na juu yake hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za ndugu zetu Wakatoliki. Wagonjwa wa kanda yote ya Ziwa hupandishwa kilima hicho. Baadhi yao ni mama zetu, wajomba zetu na watoto wetu wa shule ya Jumapili. Wapo wanaorudi nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu na kuificha chini ya godoro, wakihofia kwamba mzee wa kanisa akiiona atadhani wameacha kuomba.

Simba wa Mabotsa

Tuanze na mmisionari ambaye jina lake Watanzania tunalijua vizuri. Mnamo mwaka 1844 David Livingstone alikuwa bado kijana, akihudumu Mabotsa, mahali ambapo leo ni Afrika Kusini. Simba walikuwa wakiua mifugo ya kijiji. Livingstone alimpiga simba mmoja risasi, lakini alipokuwa akishindilia bunduki tena, simba alimrukia, akamshika begani na kumtikisa kama mbwa amtikisavyo panya. Mfupa wa mkono wa kushoto ulivunjikavunjika.

Miaka kumi na mitatu baadaye, katika kitabu chake cha safari, Livingstone alieleza jambo la ajabu. Alisema kwamba akiwa kinywani mwa simba hakusikia maumivu wala hofu. Alijiona kama mtu aliye katika ndoto, akijua yote yanayotendeka bila kuumia. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hiyo ilikuwa rehema ya Muumba, aliyoiweka hata ndani ya wanyama wanaowindwa.

Maumivu yalikuja baadaye, na mkono ule haukupona sawasawa. Alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, nao ukasafirishwa hadi London. Huko, ni kovu la mfupa ule lililowahakikishia madaktari kwamba huyu ndiye Livingstone.

Kwa nini hakuumia? Katika siku zake hakuna aliyeweza kueleza. Lakini tazama, ndugu msomaji, kwamba mtu wa imani aliliona jambo lenyewe kabla ya maabara, na akaliita rehema. Mwili una namna ya kufunga mlango wa maumivu.

Pombe ya ndizi Bunyoro

Habari ya pili inatoka karibu na ziwa letu. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari tabibu wa chama cha CMS, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, ambao leo ni sehemu ya Uganda. Hapo alishuhudia mganga wa Kinyoro akimfanyia upasuaji mwanamke kijana aliyeshindwa kujifungua. Kwanza alinyweshwa pombe ya ndizi, jamii ya ile rubisi wanayoijua ndugu zetu wa Kagera, hadi akawa nusu usingizini. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha tumbo la mama kwa pombe na kisha kwa maji. Ndipo akapasua. Mtoto alitolewa, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini za chuma na uzi wa gome la mti. Felkin alipoondoka siku chache baadaye, mama na mtoto walikuwa hai na jeraha limepona.

Habari hii ilichapishwa mwaka 1884 katika jarida la madaktari wa Edinburgh, nayo iliwashangaza wengi waliodhani kwamba utabibu ulikuja Afrika ndani ya meli. Sisi tunaikumbuka kwa jambo jingine. Watu wa nchi za Ziwa hawakumwambia yule mama ajikaze tu. Kabla ya kisu walitafuta kitu cha kumpunguzia uchungu.

Mabishano ya Edinburgh

Katika mji huohuo wa Edinburgh, mwaka 1847, daktari James Young Simpson alianza kuwapa kina mama klorofomu wakati wa kujifungua. Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 1846, madaktari wa Boston, Marekani, walikuwa wameonyesha hadharani kwamba mgonjwa aliyevuta etha anaweza kupasuliwa bila kuumia. Kwa Simpson, baadhi ya watu walileta pingamizi la dini. Walishika sura ya tatu ya Mwanzo, ambapo Hawa aliambiwa juu ya uchungu wa kuzaa, wakauliza: nani amempa daktari ruhusa ya kuondoa kile alichokitamka Mungu?

Simpson aliwajibu kwa Biblia hiyohiyo. Aliwarudisha sura ya pili, ambapo Mungu mwenyewe, kabla ya kuutwaa ubavu wa Adamu, alimletea usingizi mzito. Tena, katika sura ya tatu hiyohiyo Adamu aliambiwa atakula kwa jasho, na ardhi itamzalia miiba. Hata hivyo hakuna mkristo anayemkataza mkulima wa Sengerema kung'oa magugu au kulima kwa trekta. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye ziwa letu linaitwa kwa jina lake, alipewa klorofomu akimzaa Leopold, na baada ya hapo mabishano yakapungua.

Yalipungua, hayakwisha. Hadi leo yupo mama anayeambiwa akiwa chumba cha kujifungulia kwamba kupiga kelele ni aibu, na kwamba uchungu ni deni la Hawa. Tunaliona neno hilo kuwa mzigo ambao Injili haikuuweka. Sura ya tatu ya Mwanzo inaeleza hali ya dunia iliyoanguka. Haituagizi tuitunze hali hiyo.

Lango lililo mgongoni

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Kwa karne nyingi wasomi waliyadhani maumivu kuwa kama kamba ya kengele. Mwanafalsafa wa Ufaransa, Descartes, alilifundisha hivyo katika karne ya 17: moto unagusa mguu, kamba inavutwa, kengele inalia kichwani. Jeraha kubwa, kengele kubwa.

Lakini maisha yalikataa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher alitibu askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia. Aliwauliza kama wanahitaji dawa ya maumivu, na wengi wao walisema hawahitaji. Baadaye aliwaona raia wenye majeraha madogo kuliko hayo hospitalini wakiomba dawa. Tofauti ilikuwa katika maana ya jeraha. Kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai. Kwa raia, jeraha lilikuwa mwanzo wa taabu.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa maelezo mapya. Habari za maumivu hupita katika mishipa ya fahamu hadi ndani ya uti wa mgongo, na hapo kuna kitu kama lango. Lango hilo linaweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi kabla habari haijafika kwenye ubongo. Mishipa inayobeba habari za kuguswa husaidia kulifunga. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti, bibi hulisugua na kulipuliza, na kweli mtoto hupata nafuu. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu kwenda kwenye lango hilo: hofu hulifungua, utulivu hulifunga.

Mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walitangaza kwamba wamepata ndani ya ubongo kemikali zinazofanya kazi kama mofini. Mofini ilikuwa imetolewa kwenye utomvu wa mpopi mwanzoni mwa karne ya 19, nayo hutuliza maumivu kwa sababu inaingia katika vitasa ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya dawa yake wenyewe. Jamii hiyo ya kemikali sasa huitwa endofini. Hapo wataalamu walipata sehemu ya jibu la swali la Mabotsa. Katika hatari kubwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, moyo hupiga mbio, na ubongo huachilia kemikali zake za kutuliza, ili mtu aweze kukimbia au kupigana kwanza na kuumia baadaye.

Homoni, hofu na upweke

Msaada huo ni wa muda mfupi. Hofu ya dakika chache huweza kuzima maumivu, lakini hofu ya miezi huyachochea. Mtu anayeishi katika mashaka mwili wake huendelea kutoa homoni za msongo, kama adrenalini na kortisoli. Usingizi unakatika, misuli inakaza, na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kustuka. Maumivu yakikaa muda mrefu, mfumo wenyewe wa fahamu hujifunza kuumwa, hata mguso mdogo ukawa mkali. Mgonjwa wa namna hiyo hajisingizii. Kengele yake inalia kweli.

Chukua mfano wa mama mjamzito. Homoni ya oksitosini ndiyo inayosukuma mji wa mimba, nayo pia huamka katika upendo na katika kunyonyesha. Mama akiogopeshwa, adrenalini hupanda na uchungu unaweza kuchelewa na kuwa mgumu zaidi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kina mama waliokaa na msindikizaji mwema muda wote walihitaji dawa kidogo za maumivu na walijifungua kwa urahisi zaidi. Bibi zetu waliomshika mzazi mgongo na kumsemesha kwa upole walikuwa wanafanya kazi ya kitabibu.

Chukua pia mtoto mwenye selimundu. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye watoto wengi wa namna hii. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na sehemu zisizopata hewa huleta maumivu makali ya mifupa. Baridi, kiu, maambukizi na msongo wa mawazo vinaweza kuanzisha shambulio. Mara nyingi nje hakuna kidonda wala uvimbe wa kuonyesha, kwa hiyo jirani anasema anajidekeza, mwalimu anasema ni mvivu, na wengine wanasema ana pepo. Hapo mtoto anabeba maumivu mawili: yale ya mifupa na yale ya kutoaminiwa. Na yale ya pili huongeza yale ya kwanza, kwa kuwa hofu na upweke hufungua lango. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine huuliza: kama utulivu na matumaini hupunguza maumivu, je, maombi ni ujanja wa ubongo tu? Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa wagonjwa waliong'olewa meno dawa isiyo na kitu ndani yake. Baadhi walipata nafuu, na walipopewa kizuia-mofini nafuu ile ikapungua. Kwa hiyo matumaini huleta badiliko la kweli mwilini. Jambo hili halitutishi. Sisi tunaomba kwa sababu Mungu yupo na anasikia, akituondolea maumivu au asipotuondolea. Na ikiwa faraja ya zaburi iliyosomwa kando ya kitanda inapita katika mishipa na kemikali, basi inapita katika njia aliyoichonga yeye.

Walioitengeneza njia

Historia hii ina watu walioigeuza imani kuwa huduma. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Alikuwa Mkristo, na alifundisha juu ya maumivu kamili: ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho, yote ndani ya mgonjwa mmoja. Aliwapa wagonjwa wa saratani mofini kwa saa maalumu, bila kungoja walie kwanza.

Mwaka 1990 hospisi ilianza Nairobi, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi pia Nairobi, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko unga wa mofini ulichanganywa na maji na kutiwa rangi za kutofautisha ukali, ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu ambayo mgonjwa wa kijijini angeweza kuitumia nyumbani. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika, kwa kuwa vijiji vingi havina daktari.

Kwetu Tanzania, hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani, ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Nalo kanisa letu, KKKT, kupitia hospitali ya Selian mkoani Arusha, lilianza huduma ya hospisi na tiba shufaa, ambayo baadaye ilienea katika hospitali zetu nyingine. Wahudumu wa kujitolea kutoka sharikani hutembea na muuguzi hadi nyumbani kwa mgonjwa, wakiwa na dawa, na sabuni, na Neno.

Mofini inaogopwa, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mpopi huohuo ndio unaozaa heroini inayowaangamiza vijana wetu. Lakini kisu cha mpasuaji na kisu cha mnyang'anyi ni chuma kimoja. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1986 limefundisha matumizi yake kwa maumivu ya saratani. Ikipimwa na mtaalamu na kunywewa kwa saa, kwa ajili ya maumivu ya kweli, si kawaida mgonjwa kuwa mtumwa wake, wala haikusudiwi kuharakisha kifo. Huleta kufunga choo na usingizi wa siku za kwanza, na mambo hayo yaelezwe kliniki. Isikatwe ghafla, asipewe mtu mwingine, na ihifadhiwe mbali na watoto.

Chini ya msalaba

Wapo wanaosema: Yesu alikataa divai iliyotiwa manemane. Ni kweli, Marko anaandika hivyo katika sura ya 15. Alikinywa kikombe alichokuja kukinywa kwa ajili yetu, mara moja tu, nasi hatuongezi kitu juu yake kwa kukataa vidonge. Lakini Yohana anatuonyesha pia Yesu huyohuyo akisema kwamba ana kiu, akaipokea siki. Na hatusomi mahali popote alipomwambia mgonjwa aliyemjia abaki na maumivu yake. Msamaria wa Luka 10 alimimina mafuta na divai kwanza. Eliya alipotamani kufa, malaika alimpa mkate, maji na usingizi kabla ya kumpa safari. Paulo, ambaye mwiba wake haukuondolewa ingawa aliomba mara tatu, ndiye aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Hata Martin Luther aliyajua maumivu. Februari 1537, akiwa Schmalkalden kwa mkutano mkubwa, mawe ya figo yaliuzuia mkojo wake kwa zaidi ya juma moja. Alidhani anakufa. Aliondolewa mjini kwa gari la kukokotwa, na katika mtikisiko wa njia mbaya kizuizi kikafunguka. Alimwandikia mkewe Katharina kuhusu taabu ile bila kuficha, na kumshukuru Mungu bila kuficha. Miaka 19 kabla yake, huko Heidelberg, alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Maumivu basi yaitwe maumivu. Yasiitwe baraka na mtu asiyeyasikia.

Hatusemi kwamba kila uchungu utaondolewa. Upo unaobaki hata baada ya dawa na maombi, na hapo neno la mwisho ni la Kristo mfufuka aliyebaki na makovu. Lakini ule unaoweza kupunguzwa tusiufanye kipimo cha imani ya jirani. Mgonjwa akisema anaumwa, aaminiwe. Akiandikiwa dawa, asaidiwe kuinywa kwa saa. Mtoto wa selimundu apewe maji na sweta, na apelekwe hospitali mapema. Mama mzazi asiachwe peke yake pale ambapo ndugu anaruhusiwa kukaa naye. Na jumuiya ya nyumba kwa nyumba inapokwenda kumwona mgonjwa, ikae kitako, imshike mkono, iimbe kwa sauti ndogo, iombe, kisha iulize kama chupa ya dawa iko mezani au bado iko chini ya godoro.